Wasimamizi Saba na Mchangiaji Mmoja

Ukimwuliza Mwalimu Ecweru ni kitu gani kilimponza, atakujibu papo hapo, tena akicheka: adabu. Si uzembe, si ujinga, ingawa ujinga nao haukukosa pa kukaa. Ni adabu ile aliyolelewa nayo kijijini Mukuju, ya kumpisha mzee kiti hata kama mzee mwenyewe anataka kusimama.

Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na miwili, na alipostaafu ukoo ukamchagua kuwa Katibu wa Umoja wao. Ukoo huo umekatwa na mpaka. Nusu wako Uganda, huku Tororo na vitongoji vyake, nusu wako Kenya, kuanzia Busia mpaka Amukura. Kwa miaka mingi walipashana habari kwa simu na kwa makundi ya WhatsApp, mpaka ikatokea aibu. Mazishi ya mtu mmoja yalipata tarehe mbili, na jamaa wa Kenya wakafika na shada la maua wakakuta watu wanaosha sufuria.

Baada ya hapo ukoo ukaamua kufungua tovuti. Na ni Ecweru huyuhuyu, kwa kinywa chake, aliyesimama mkutanoni akapendekeza azimio: kuanzia leo, tangazo la ukoo ni lile lililo kwenye tovuti tu, mengine yote ni uvumi. Wakampigia makofi. Alikaa chini akijiona mtu wa maana sana. Azimio hilo litamrudia, kwa hiyo lisisahaulike.

Sasa, alikuwa na sababu yake nyingine ya kuipenda tovuti, ambayo hakuisema mkutanoni. Dada yake mkubwa, Akwi, aliolewa Amukura. Mama yao, ambaye wote walimwita Toto kama Waiteso wanavyowaita mama zao, alifariki mwaka ule wa korona, wakati mpaka wa nchi umefungwa. Ecweru alifikiri akaona kwamba kwa kuwa Akwi hawezi kuvuka, ya nini kumpigia simu na kumtonesha kidonda? Akapeleka tangazo redioni, jina la Akwi likiwa la pili katika orodha ya watoto wa marehemu. Akwi alilisikia akiwa kwa jirani, anapukuchua mahindi. Alimtumia mdogo wake ujumbe mmoja tu: "Umenitangaza redioni kama ng'ombe aliyepotea." Kisha kimya. Miaka mitano sasa. Ecweru akipiga simu, inaita mpaka inakata.

Mwaka huu ukoo ulipanga misa ya kumbukumbu ya Toto, na kaburi kujengewa. Ecweru alitaka jambo moja tu maishani: Akwi awe ameketi mbele, penye jamvi la watoto wa marehemu. Lakini kwenda Amukura kumwambia uso kwa uso aliogopa. Mtu mzima wa miaka sitini, baba wa watoto watano, aliogopa kama anayekwenda kuonyesha ripoti mbaya ya shule. Akatumaini tovuti itakwenda kwa niaba yake.

Basi akaenda Busia, upande wa Uganda, kwa Loy. Loy ni mama wa Kijopadhola, mwenye Kiswahili cha sokoni na duka la kuchapa barua na kupiga picha za pasipoti, na ndiye aliyeijenga tovuti yenyewe. Alimpa Mwalimu masomo matatu.

"Mwalimu, hii naitwa dashibodi," Loy alisema siku ya kwanza. "Ona kama ofisi ya hedimasta. Watu wa nje hapana ona, lakini kila kitu natoka hapa. Hapa kurasa, hapa habari, hapa picha, hapa watu."

Ecweru aliandika yote katika daftari, na kupiga mstari kwa rula. Kurasa ni zile zinazokaa, kama historia ya ukoo. Habari ni zile zinazopita, kama matangazo. Akaelewa. Ila kuelewa ni jambo moja na kidole ni jambo lingine. Alichapa kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, na kila alipoipata herufi aliitazama kwanza aone kama ni yenyewe. Picha ya Mwenyekiti, Mzee Eibu, aliipandisha kubwa kiasi kwamba ukifungua tovuti ulikutana na goti la Mwenyekiti peke yake, na ilibidi uteremke sana kufika kwenye kiatu.

Tangazo la misa nalo lilianza hivi: Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wazee wa pande zote mbili, Baba Paroko, makatekista, mabinti wetu mlioolewa, wakwe zetu wapendwa... Loy alisoma, akateremka, akasoma, akateremka.

"Tarehe iko wapi?"

"Inakuja."

"Mwalimu, tarehe weka juu. Salamu weka chini."

"Loy, mwanangu, nitataja tarehe kabla sijawasalimu watu? Mimi nimelelewa."

Tarehe ikabaki chini: Jumamosi, tarehe ishirini na tisa Novemba. Loy alibonyeza Chapisha, na tangazo likatoka. Ecweru alitazama kwenye simu yake, akaona jina la Toto limeandikwa vizuri mbele ya dunia nzima, akatoa leso.

Siku ya pili alifundishwa rasimu. "Rasimu ni kama daftari ya wewe," Loy alimwambia. "Naandika, nahifadhi, watu hapana ona mpaka chapisha." Aliendelea na sentensi nyingine, lakini wakati huo ndipo chai ilipoletwa, na Ecweru ana heshima zake kwa chai. Katika daftari aliandika: Rasimu, watu hawaoni. Akapiga mstari kwa rula.

Siku ya tatu ndiyo iliyomponza. Loy alifungua sehemu ya watu, akamweleza kwamba kila mtumiaji wa tovuti ana cheo. Yuko Msimamizi, ambaye hufanya kila kitu. Yuko Mhariri. Na chini kabisa yuko Mchangiaji, ambaye huandika, lakini hawezi kuchapisha, wala hawezi kugusa kilichokwisha kuchapishwa.

"Wazee weka Mchangiaji," Loy akashauri. "Au wacha tu, hapana hitaji. Wewe ndiye nafanya kazi, wewe kaa Msimamizi."

Ecweru alishtuka kama aliyesikia tusi. Baraza la ukoo lina watu saba: wazee sita wa milango sita ya ukoo, na wa saba, mama mmoja anayewakilisha mabinti walioolewa. Awaweke hao chini, yeye katibu akae juu? Siku watakayofungua waone, atawaambia nini? Mtu huchukua kiti cha nyuma, wakubwa ndio humwita mbele. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye kila sherehe kutoka Rubongi mpaka Nagongera, na hajaona kwa nini kwenye intaneti iwe vingine.

"Wote saba, Wasimamizi," aliagiza. "Mimi niandike Mchangiaji."

"Mwalimu."

"Andika."

"Mwalimu, hii si harusi."

Loy aliandika. Na kwa kuwa wazee walikuwa wameagiza pia kwamba mtu asiye wa ukoo asibaki na ufunguo wa nyumba ya ukoo, Loy akafuta na jina lake mwenyewe. Kisha akachapa karatasi saba ndogo, kila moja na jina, cheo na neno la siri, akazitia katika bahasha saba. Ecweru aligawa bahasha hizo mkutanoni kwa mikono miwili, akiinama kidogo kwa kila mmoja. Ya saba, ya mwakilishi wa mabinti, ilipelekwa Amukura kwa mkono wa mjumbe, kwa sababu mwakilishi alikuwa Akwi, na kwa miaka mitano Akwi hakuhudhuria mkutano wowote aliokuwapo Ecweru.

Yakafuata majuma matatu ya raha. Kila alasiri, mkewe Provia akiwa shambani, Ecweru alijifungia na kompyuta aliyoachiwa na bintiye akaandika rasimu. Ya kwanza ilianza, Dada Akwi, nakusalimu wewe na watoto. Haikuendelea vizuri, akaihifadhi. Ya pili ilikuwa ndefu na yenye visingizio. Ya tatu ilimlaumu dereva wa redio, kisha akakumbuka redio haina dereva. Ya saba ndiyo aliyoipenda. Humo aliandika jinsi Akwi, alipokuwa msichana wa miaka kumi na moja, alivyombeba mgongoni kuvuka kijito kwenda shule wakati wa mvua, mara mbili, viatu vyake vikiwa mdomoni mwa dada yake visilowe. Mwishoni aliandika: Niliogopa sauti yako ukilia, ndiyo maana sikukupigia. Sikukuhurumia wewe, nilijihurumia mimi.

Alizihifadhi zote, akazifunga kama mtu anayefunga droo. Zikafika kumi na moja. Siku moja aliifungua ile ya saba akakuta "mara mbili" imekuwa "mara nyingi". Akakumbuka Loy alimwambia mtambo huhifadhi maandishi wenyewe. Akasema moyoni, kumbe na kusahihisha unasahihisha! Akausifu sana mbele ya Provia.

Jumapili tarehe kumi na sita, baada ya misa, Baba Paroko alimwita pembeni. Tarehe ishirini na tisa ameitwa jimboni, hana budi kwenda. Misa ya Toto ifanyike Jumamosi hii inayokuja, tarehe ishirini na mbili, au isubiri mwakani. Provia na wenzake wakaenda mbio kuhimiza pombe ya ajoni iwahi kuiva. Ecweru akaenda mbio kwenye kompyuta kubadilisha tarehe.

Tangazo alilikuta. Alama ya kalamu, ile ya kuhariri, hakuikuta. Akatafuta juu, akatafuta chini, akazima, akawasha, akapangusa kioo kwa shati. Akaandika tangazo jipya kabisa, akafika mwisho, na pale palipokuwa na Chapisha mbele ya Loy, sasa paliandikwa: Wasilisha kwa ukaguzi. Akawasilisha. Maandishi yakatokea: Inasubiri idhini ya Msimamizi.

Akashika simu. Alianza na binamu yake wa Busia, upande wa Kenya.

"Katibu, mimi nitakuamini vipi?" binamu alijibu kwa upole. "Tovuti inasema ishirini na tisa. Si ni wewe ulituambia mengine yote ni uvumi? Mimi hata nilipiga makofi."

Wa pili alimjibu vivyo hivyo. Wa tatu alimwuliza kama ni kweli anaongea na Ecweru au ni matapeli. Alipopiga simu ya Akwi, iliita mpaka ikakata.

Jumatatu Loy alimsikiliza mpaka mwisho bila kumcheka, jambo ambalo lilimwuma kuliko kama angecheka. Alisema angeweza kuwaandikia wenye mitambo inayotunza tovuti, wahakikishe kwamba ni yeye, wamrudishe ndani, lakini ingechukua kama wiki. "Njia fupi ni moja," alisema. "Tafuta Msimamizi moja tu mwenye neno la siri. Moja natosha. Wewe iko nao saba!"

Kwa hiyo Jumanne Ecweru alipanda boda kuwatafuta wakubwa zake aliowapandisha kwa mkono wake. Alianzia Mukuju kwa Mzee Eibu, Mwenyekiti. Eibu alimpokea kwa furaha, akamwonyesha ukutani. Karatasi ile ndogo ilikuwa ndani ya fremu ya kioo, kati ya picha ya harusi na kalenda ya parokia: Mzee Eibu, Msimamizi. Moyo wa Ecweru ukaruka. Akasogea asome mstari wa chini. Mstari wa chini haukuwapo.

"Fundi alikata kidogo ienee," Eibu alieleza. "Jina na cheo vimebaki. Si ndiyo muhimu?"

Huko Rubongi, Mzee Opolot, mwanajeshi mstaafu, alisimama wima kujibu. "Mliandika siri. Nilisoma, nikachoma. Siri natunzwa hivyo."

"Basi unaikumbuka, mzee?"

"Kukumbuka haikuwa katika amri."

Wa Nagongera karatasi yake ilifuliwa na koti. Waliobaki watatu waliapa hawakupewa kitu, ingawa Ecweru alikuwa na saini zao mfukoni na aliona vibaya kuzitoa. Jioni alirudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye nyusi. Provia alimtengea chakula, akamtazama akila.

"Wako sita," Provia alisema. "Ulisema saba."

Ecweru alivuta sahani karibu, akaendelea kula.

"Naongea na wewe, Mwalimu. Yule wa saba ni nani?"

Jumatano asubuhi alivuka mpaka kwa miguu pale Busia, akachukua boda nyingine mpaka Amukura. Njiani alitunga hotuba. Alikuwa na salamu kutoka kwa kila mtu anayejulikana. Alipofika kwenye kona ya nyumba ya dada yake hakuwa na hakika ni njia ipi, maana miti ilikuwa imekua, na aibu hiyo, ya kutoijua njia ya kwa dada yako mwenyewe, ilimpata vibaya. Akapiga hodi.

Akwi alikuwa ameinama juu ya turubai, anasambaza ulezi juani. Amezeeka. Hilo Ecweru hakulitegemea, kana kwamba miaka mitano ilikuwa imepita kwake peke yake.

"Karibu," Akwi alisema bila kuinuka.

Ecweru alivua kofia. "Dada, kwanza kabisa napenda kukuletea salamu za Mwenyekiti, Mzee Eibu, na baraza zima la wazee, pamoja na Baba Paroko, ambaye..."

"Ecweru."

"Naam."

"Matangazo yako naona ni hivyo hivyo. Tarehe mtu anaitafuta kwa tochi. Sema kilichokuleta."

Hotuba yote ikamtoka kichwani. "Misa ya Toto ni Jumamosi hii," alisema. "Tarehe ishirini na mbili. Nimekuja kukuambia mwenyewe. Na lile lingine... ningekuambia mwenyewe lile lingine, dada, siku ile Toto alipofariki. Ningekupigia. Nilikosa sana. Nilikosa mno." Akasimama pale na kofia mkononi, machozi yakimteremka, katibu mzima wa pande mbili.

Akwi alisambaza ulezi kidogo tena, sehemu ambayo ilikuwa imekwisha kusambazwa. Kisha akaingia ndani. Alitoka na stuli mbili, kitabu cha nyimbo na simu. Neno la siri alikuwa ameliandika kwa kalamu nyuma ya jalada la kitabu cha nyimbo, herufi kubwa kubwa.

"Ulinipa cheo," alisema akiketi. "Nikasema, wacha nione cheo chenyewe kinafanya nini. Mjukuu alinionyesha mara moja, nikashika."

Akafungua. Ecweru akainama atazame, na pale, chini ya tangazo linalosubiri idhini, akaziona zote zimejipanga. Dada Akwi, nakusalimu. Dada Akwi, pengine unajiuliza. Dada Akwi. Dada Akwi. Kumi na moja.

Ile sentensi ya Loy, ile iliyomezwa na chai, ikamrudia mzimamzima: watu hapana ona, isipokuwa Msimamizi.

"Umesoma?"

"Kila siku, baada ya chakula cha mchana. Siku usipoandika nilidhani unaumwa." Akafungua ile ya saba. "Hapa ulisema nilikubeba mara mbili. Mara mbili! Mvua za mwaka mzima, na wewe ulikuwa mnene. Nilisahihisha."

"Nilidhani ni mtambo."

Akwi alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na katikati ya kicheko sauti ikabadilika ikawa kilio, kile kile ambacho Ecweru alikiogopa miaka mitano. Kilikuwa kilio cha kawaida tu, cha mtu aliyefiwa na mama yake. Ecweru alisogeza stuli yake karibu, akakisikiliza mpaka kikaisha.

"Kwa nini hukuniambia umesoma?" alimwuliza baadaye.

"Nilikuwa nangoja uzilete mwenyewe. Na tangazo hili nalo." Akapangusa macho kwa kanga, akatafuta miwani, akabonyeza Chapisha.

Saa ile ile simu ya Ecweru ikaanza kulia. Binamu wa Busia alikuwa wa kwanza. "Sasa ndiyo umesema, Katibu!"

Jumamosi watu walijaa kutoka pande zote mbili za mpaka. Akwi alikuwa amefika tangu Alhamisi, na aliketi mbele, penye jamvi la watoto wa marehemu, karibu kabisa na kaburi. Ecweru alitaka kuketi nyuma kama kawaida yake, Akwi akamvuta shati akae naye. Alishangaa kuona watu wakimtazama kwa namna ya ajabu. Mzee Opolot alimpigia saluti. Mke wa Mwenyekiti alimshika mkono akashindwa kuuachia. Akatoa simu yake, akafungua tovuti. Chini ya tangazo la misa kulikuwa na habari ya pili, iliyochapishwa na Msimamizi Akwi asubuhi ile ile: rasimu ya saba, yote, pamoja na kijito, viatu na sentensi ya mwisho.

"Dada! Ifute!"

"Ifute mwenyewe," Akwi alimnong'oneza bila kugeuka. "Wewe si ndiye Katibu?"

Naye, bila shaka, hakuweza. Habari bado iko pale mpaka leo. Baada ya misa baraza lilikubaliana kwa kauli moja kwamba Katibu apandishwe awe Msimamizi, na kwa kuwa ni mmoja tu kati yao aliyejua kubonyeza, kazi hiyo akapewa Akwi. Akwi alikataa katakata.

"Abaki Mchangiaji," alisema. "Akiwa na la kusema, alilete kwangu kwanza."

Kwa hiyo kila Alhamisi Mwalimu Ecweru huvuka mpaka pale Busia na daftari lake kwapani, akaenda Amukura kutafuta idhini. Njia sasa anaijua. Loy amemwambia mara kadhaa kwamba jambo hilo lingeweza kufanyika kwa simu kwa dakika moja, naye humjibu kwamba hilo anajua, lakini Mchangiaji huomba idhini, alifundishwa siku ya tatu.